Kizuri Hakijiuzi Kisipoonekana

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa maembe sokoni, sawa. Kwa tovuti ya shule yetu, mimi sikubali.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kumwandikisha mwanawe. Anakaa vituo viwili tu vya basi kutoka ukumbi wetu. Kwa mwaka mzima alikuwa akiandika kwenye simu yake “shule ya Kiswahili ya watoto”, asitupate. Mwishowe alielekezwa na mzazi mwenzake waliyekutana dukani. Mwaka mzima wa masomo ukampita yule mtoto.

Kosa ni letu. Google na wenzake hutumia programu ziitwazo buibui. Watoto, ni yule mdudu, si vazi la bibi! Buibui hawa hufuata viungo kutoka ukurasa hadi ukurasa, wakisoma maneno. Sasa, ukurasa wetu wa kwanza ni bango zuri, lakini ni picha. Siku, saa na umri wa watoto vyote vimo ndani ya picha, na humo buibui husoma kwa shida. Tena kila ukurasa una kichwa kilekile: “Karibu”.

Wapo wanaosema kundi la WhatsApp latosha. Latutosha sisi tulio ndani. Aliye nje halioni.

Basi tufanye hivi. Habari za shule tuziandike kwa maneno, bango libaki pambo. Kila ukurasa upewe kichwa chake, kama “Madarasa ya Kiswahili ya watoto, Jumamosi”. Kiungo kisiseme “bofya hapa”, kiseme “fomu ya kumwandikisha mtoto”. Na kila picha iwekewe maelezo mafupi, ambayo pia yatamfaa mzazi asiyeona, anayesomewa na simu yake. Ila tusirudierudie neno “Kiswahili” mara hamsini tukidhani tumeipata njia ya mkato. Hila hiyo inajulikana, na huweza kutushusha chini zaidi.

Kazi ya maelezo ya picha naomba wapewe wanafunzi wa darasa la wakubwa. Kila mmoja achague picha moja, aiandikie sentensi moja ya Kiswahili safi. Msomaji wake wa kwanza atakuwa buibui. Wa pili huenda akawa mama mwingine, vituo viwili kutoka hapa, anayetutafuta.