Nakala Yetu Iko Wapi?

Neno boda-boda lilizaliwa Busia, na hilo kila mtu analikumbuka. Wanawake kuchu waliopandishwa hizo boda-boda wakikimbia Uganda, nani anawakumbuka? Kabla ya kufika Busia, au Malaba kule wilayani Tororo, unafuta picha zote kwenye simu. Sheria ya Uganda ya Mei 2023 inaweza kukufunga maisha, na anayesemekana "kutangaza" ushoga anaweza kufungwa miaka 20. Kwa hiyo simlaumu mtu kwa kufuta.

Lakini mafaili hayakufutwa. Nyinyi watu wa mashirika mnaosoma kijarida hiki mnajua nani alimpenda nani, mwaka gani, nani alimpiga. Mwenyewe hana hata karatasi moja. Tena mahojiano yanauliza mateso tu. Hayaulizi Jumapili mlikuwa mnapika nini, nani aliwapokea wadogo waliofukuzwa nyumbani. Ukisoma faili peke yake utadhani tulizaliwa siku tuliyopigwa.

Kuna filamu ya Megan Rossman ya 2018, The Archivettes. Wanawake wa New York walianza kukusanya barua, picha na fulana zao miaka ya 1970, zikajaa ndani ya nyumba ya mmoja wao, Joan Nestle. Hawakutaka chuo kikuu kiwatunzie. Mtasema hao ni Wazungu, wana nyumba. Haya, twende Nairobi. Kundi la Nest lilianza 2013 kurekodi simulizi za Wakenya wa aina yetu, ndipo ikatoka filamu Stories of Our Lives, 2014. Ilipigwa marufuku Kenya, lakini simulizi zilikuwa zimeshakusanywa.

Hapa kwetu anakuja mtu na kamera, anasema hadithi yako itasaidia wengine, anakunywa chai yetu, anapotea. Imetosha! Nasema hivi: pasiwe na kamera bila nakala kubaki kwetu. Jina libadilishwe, sura ifichwe, na mama akisema baada ya miaka miwili "toeni sauti yangu," itolewe bila barua tatu.

Na sisi tuanze wenyewe. Sauti tu inatosha. Flash moja yenye neno la siri, ikae nje ya kambi kwa mtu tunayemwamini, isikae kwenye simu ya mtu. Shirika likitaka kusaidia, litununulie hiyo flash. Neno la siri lituachie sisi.