Marupurupu ya wafanyakazi: sheria iko Kinshasa, vita iko Mpofi

Mwalimu wa shule ya msingi huko Mpofi, kwenye barabara inayotoka Masisi kupitia Nyabiondo kuelekea Walikale, na karani wa kampuni mjini Kinshasa wako chini ya sheria za nchi moja. Kwenye karatasi, wote wawili wana haki ya mshahara, likizo na pensheni ya uzeeni. Katika maisha ya kila siku, mmoja anaweza kudai haki hizo na mwingine hata hajui amdai nani. Kongo haikosi sheria. Kinachokosekana ni njia ya kuzifikisha kwa mfanyakazi, na vita imeharibu hata ile njia ndogo iliyokuwepo.

Sheria inasema nini

Kwa wafanyakazi wa kampuni na mashirika, sheria ya kazi ni ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa Julai 2016. Inamlazimisha bosi kugharamia matibabu ya mfanyakazi na familia yake. Mama mjamzito ana wiki 14 za mapumziko, akipata theluthi mbili za mshahara.

Juu ya hayo kuna mchango wa CNSS, hazina ya usalama wa jamii iliyochukua nafasi ya INSS ya mwaka 1961. Kila mwezi asilimia 18 ya mshahara inapaswa kuingia humo: 5 zinakatwa kwa mfanyakazi, 13 zinatolewa na bosi. Katika hizo 13, 6.5 ni za kusaidia watoto na uzazi, 1.5 ni za ajali na magonjwa ya kazini, na 5 ni za pensheni. Kwa mshahara wa franka 500,000, mfanyakazi anakatwa 25,000 na bosi anaongeza 65,000. Ili kupata pensheni kamili, mtu awe na miaka 60 na awe amechangiwa miezi 180, yaani miaka 15. Kila mwezi usioandikwa ni hasara atakayoiona uzeeni.

Watumishi wa serikali wana hazina yao, CNSSAP, iliyoundwa Desemba 2015. Kabla yake, pensheni zilitegemea moja kwa moja bajeti ya serikali, na wazee walisubiri miaka. Ndiyo maana bado kuna walimu wenye mvi darasani: wanaogopa kwamba wakiacha kazi kabla ya kulipwa haki zao za mwisho, mshahara utakatika na hakuna kitakachokuja nyuma yake.

Mwalimu: jina liko, pesa haifiki

Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, kama katiba ya 2006 ilivyoagiza. Wazazi walipumua. Lakini primi waliyokuwa wakitoa ndiyo iliyowalisha walimu wasiokuwa kwenye listi ya malipo. Asiye na matrikule alipoteza primi bila kupata mshahara.

Mwenye matrikule naye ana shida ya njia. Tangu 2011 serikali ilianza kulipa watumishi kupitia benki, ili kupunguza wizi wa mishahara njiani. Ni jambo zuri kwa Goma au Bukavu. Kijijini, mwalimu hulipa motari, huacha darasa siku kadhaa, na hurudi na mshahara uliopungua. Kwa muda, Caritas ilisaidia kupeleka malipo vijijini.

Kisha ikaja 2025. Masisi-centre iliangukia mikononi mwa M23 mwanzoni mwa Januari, Goma mwishoni mwa mwezi huo, na benki za Goma zikafunga milango. Tarehe 19 Machi waasi waliingia Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Vijiji vya barabara hiyo vilikimbiwa. Mtu aliyelala porini na watoto wake hawezi kufuata mshahara wake mji mwingine.

Mchimbaji: pesa iko, jina haliko

Walikale si teritwari maskini. Bisie ni mgodi mkubwa wa bati, chini ya kampuni ya Alphamin. Vita ilipokaribia, kampuni ilisimamisha kazi tarehe 13 Machi 2025, ikaanza tena Aprili. Mfanyakazi mwenye mkataba, hata kazi ikisimama, ana cha kushika: mkataba uliosimamishwa si mkataba uliovunjwa.

Maelfu ya wachimbaji wa mkono, kutoka Walikale hadi Rubaya, hawana hilo. Hulipwa kwa kugawana mifuko ya madini. Kwa kuwa hakuna anayeitwa bosi kwenye karatasi, hakuna wa kutoa zile asilimia 13. Udongo ukiporomoka, hazina ya ajali haimjui marehemu. Wenzake huchanga pesa za jeneza, na mjane huanza upya na watoto.

Nchi ndogo zinatufundisha nini

Luxembourg ina kilomita za mraba 2,586. Teritwari ya Walikale peke yake inapita 23,000. Katika nchi hiyo ndogo, bei za vitu zikipanda kwa asilimia 2.5, mishahara na pensheni za wote, wa serikali na wa kampuni, hupandishwa kwa kiasi hicho hicho. Ni sheria, haingoji mgomo.

Kwetu, mshahara wa chini uliwekwa franka 7,075 kwa siku mwaka 2018, dola ilipokuwa karibu franka 1,600. Ulibaki hapo hadi Mei 2025, dola ikiwa imepita 2,800. Yaani mfanyakazi alitoka kwenye dola nne na zaidi akashuka hadi dola mbili na nusu hivi, bila mtu yeyote kutangaza kwamba amepunguziwa. Amri ya Mei 2025 ilipandisha hadi 14,500, kisha 21,500 kuanzia Januari 2026. Ni hatua nzuri, lakini hakuna uhakika kwamba miaka saba mingine ya namna hiyo haitarudi.

Ubelgiji inatupa somo jingine. Tarehe 16 Juni 1960, wiki mbili kabla ya uhuru wetu, ilipitisha sheria ya kuweka chini ya dhamana ya serikali yake haki za pensheni za waajiriwa wa koloni, ambao wengi wao walikuwa Wazungu. Kisha Kongo ikaingia katika uasi wa askari, kujitenga kwa Katanga na vita. Miezi ya wale waliolindwa haikufutika, kwa sababu iliandikwa mahali salama na kulikuwa na serikali iliyosimama nyuma ya maandishi hayo. Mkongomani aliyefanya kazi pembeni yao hakuwa na dhamana kama hiyo.

Dhamana kama hiyo ndiyo inayohitajika leo kwa mwalimu wa Mpofi. Serikali itamke wazi kwamba miezi ya vita itahesabiwa kwenye pensheni ya watumishi waliokimbia. CNSS iseme michango ya mfanyakazi wa Goma na Masisi inaandikwa wapi tangu Januari 2025. Sendika zidai majibu hayo kwa nguvu ile ile zinayodai nyongeza ya mshahara.

Mfanyakazi mwenyewe asingoje. Barua ya kuajiriwa, namba ya CNSS au matrikule, na karatasi za malipo vipigwe picha kwa simu na kutumwa kwa ndugu aliye mji mwingine. Nyumba ikiungua pamoja na karatasi, miaka 15 ya kazi isiungue nayo.