Asiyekuwapo na Lake Halipo

Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Kila asubuhi hupitia sokoni kumsaidia mama kupanga magunia ya maharagwe, kisha ndio nashika njia ya shule. Mkiniona nimechelewa paredi, sasa mnajua sababu.

Mwaka juzi ushuru wa soko letu ulipanda kutoka shilingi 30 hadi 50 kwa siku. Mama alishtukia tu askari wa kaunti, wale ambao sisi bado twawaita kanjo, akimkatia tikiti mpya. "Imepanda lini?" mama akauliza. "Mama, mlitangaziwa," akajibiwa. Kumbe ni kweli. Tangazo lilikuwa gazetini, na mkutano wa kutoa maoni ulifanywa ukumbini siku ya soko, wakati mama na wenzake wako vibandani. Shilingi 20 huenda si kitu kwako, lakini kwa siku sita ni shilingi 120, na karo yangu hutoka kwenye hayo maharagwe.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba leseni za maduka makubwa hazikupanda. Wenyewe walikuwa wamekutana mapema, wakaandika barua moja na kutuma msemaji mmoja mkutanoni. Hapakuwa na hila. Walikuwepo, basi. Ama kweli, asiyekuwapo na lake halipo.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini kuna vyama vya wafanyabiashara. Hapa Kenya tuna Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Wenye Viwanda, kilichoundwa mwaka 1965. Kabla ya hapo vilikuwako vyama vitatu, cha Wazungu, cha Wahindi na cha Waafrika, kila mtu na rangi yake. Wakaungana. Leo chama hicho kina matawi katika kaunti.

Faida zake ni zipi? Kwanza kabisa, ni sauti. Katiba ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya serikali, na tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013, ada na leseni nyingi huamuliwa kupitia Mswada wa Fedha wa kaunti. Mtu mmoja akilalamika huonekana mkorofi, lakini chama kikizungumza, karani huchukua kalamu akaandika.

Pili, chama hutoa cheti cha kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani. Mnunuzi wa ng'ambo hakujui wala hajui kijiji chako. Karatasi hiyo humhakikishia kuwa mali ni ya Kenya. Aidha, chama huwakutanisha wafanyabiashara, mwenye mali akamjua mwenye soko. Biashara ikistawi, vijana wa mtaa hupata vibarua na watoto kama mimi hawafukuzwi shule kwa sababu ya karo.

Lakini nilipomshauri mama ajiunge, alicheka mpaka akaweka kikombe cha chai chini. "Mwanangu, hicho ni chama cha watu wa tai. Mimi nina leso." Wengi sokoni husema vivyo hivyo, na siwezi kuwalaumu. Utafiti wa Shirika la Taifa la Takwimu wa mwaka 2016 ulihesabu biashara ndogo na za wastani zipatazo milioni 7.4, na kati ya hizo ni kama milioni 1.6 tu zilizokuwa na leseni. Maana yake ni kwamba wachuuzi, mafundi wa jua kali na kina mama mboga ndio wengi, nao ndio wasiosikika.

Kwa maoni yangu, chama cha wafanyabiashara kina faida kubwa, ila mlango wake ni mwembamba. Ningekuwa mkubwa wa tawi ningefanya mambo matatu. Ningekubali soko zima liingie kama mwanachama mmoja, kila kibanda kikichanga kidogo. Ningefanya mikutano jioni baada ya soko kufungwa. Tena ningeeleza Mswada wa Fedha kwa Kiswahili, si kwa Kiingereza cha mahakamani.

Nao kina mama wasingoje kubebwa. Wanaweza kuendesha chama cha mzunguko bila hata senti kupotea, watashindwaje kuchagua msemaji? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mimi nimeanza. Sasa kila gazeti ambalo mama hufungia maharagwe, kwanza nalisoma matangazo. Nimemwambia mkutano mwingine ukitangazwa, nitakaa kibandani mimi, aende yeye na leso yake. Mwalimu wa zamu akiniona nimechelewa siku hiyo, naomba anisamehe mapema.