Tarakilishi ya Michezo na Uhaba wa Istilahi

Kijana wa Ukunda au Msambweni atakaye tarakilishi ya michezo kwa bei nafuu aweza kununua Dell OptiPlex iliyokwisha kutumika ofisini, akaipachika kadi ya michoro isiyozidi wati 75, kiasi ambacho ubao mkuu waweza kuilisha bila waya wa ziada. GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016 aghalabu yatosha. Hesabu hii fundi wake huijua barabara, ila huieleza kwa maneno ya Kiingereza. Wataalamu wamebishania kompyuta, ngamizi na tarakilishi kwa miaka mingi, nalo ni jina la kasha tu! Vilivyomo ndani, ambavyo hewa ya chumvi ya Diani huvila taratibu, havikupata hata nusu ya mjadala huo. Istilahi zake na zitafutwe kwanza mezani pa fundi, ndipo zifike kamusini.