Kuizima Taa Si Kuitengeneza Breki

Magari mengi tunayosafiria yametumika kwanza katika nchi nyingine, hasa Japani, kabla ya kufika kwetu. Gari la namna hiyo huwa limekwisha kula miaka kumi au ishirini, na miongoni mwa vitu vinavyochoka ni kisanduku kinachotawala breki za ABS. Kisanduku kikiharibika, taa ya manjano huwaka mbele ya dereva. Hapo njia huwa mbili: kukitengeneza kisanduku, au kuizima taa. Mimi nasema kwamba hiyo njia ya pili ni uongo, tena uongo wa hatari, na kwamba ile ya kwanza haiwashindi mafundi wetu.

Kwanza yafaa tujue kazi ya chombo hiki. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu katika barabara yenye maji, magurudumu huweza kukaza kabisa yasizunguke, na gari likateleza kama ndoo juu ya sakafu yenye sabuni. Gurudumu lililokaza halifuati usukani. Dereva hukata kulia, gari nalo laenda mbele vilevile. Katika ABS mna sensa karibu na magurudumu, zipimazo mwendo wake na kuipelekea habari kompyuta ndogo. Kompyuta ikiona gurudumu lataka kukaza, huamuru valvu zipunguze nguvu ya mafuta ya breki katika gurudumu lile, kisha zirudishe, mara nyingi katika sekunde moja. Basi gari hupunguza mwendo na dereva bado aweza kukwepa. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kuuza breki hizi za kompyuta mwaka 1978, na Mercedes-Benz ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza kuzipata.

Kwa nini kompyuta hiyo huharibika? Aghalabu imefungwa pamoja na pampu chini ya boneti, mahali penye joto na mtikisiko. Darasani tumesoma kwamba vitu hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, wala havitanuki vyote kwa kiasi kimoja. Kwa hiyo, mwaka baada ya mwaka, lehemu inayoshika pini ndani ya kisanduku huvutwa huku na huku hata ikapata ufa mwembamba kama unywele. Volvo nyingi za miaka ya 1990 zimejulikana sana kwa ugonjwa huu. Dalili yake ni kwamba taa huja na kuondoka: asubuhi haipo, gari likipata moto yawaka.

Mjomba wangu ana gereji, na likizo zangu nyingi nazitumia huko nikimshikia tochi na spana. Desturi yake ya kwanza ni kutokukisingizia kisanduku. Hutazama fyuzi, betri, na waya wa ethi. Husafisha matope kwenye sensa, na kuangalia kama waya zake zimekatika. Kisha husoma namba za kosa kwa mashine. Mara nyingi ugonjwa hupatikana hapo, na mwenye gari hulipa fedha kidogo tu. Kisanduku hufunguliwa pale vingine vyote vikionekana vizima.

Katika magari kadhaa sehemu ya umeme huweza kutolewa pasipo kufungua mabomba ya breki. Pale ambapo mabomba ni lazima yafunguliwe, hapana budi baadaye kutoa hewa yote katika mafuta, la sivyo pedali huzama. Mjomba hukata kifuniko polepole, hutafuta ufa kwa kioo cha kukuzia, huyeyusha lehemu ya zamani na kutia mpya, kisha huziba kifuniko kwa silikoni ili maji yasipenye. Lakini viko visanduku vyenye nyaya nyembamba za aluminiamu ambazo chuma chetu cha kulehemu hakiziwezi. Hivyo havigusi. Humwambia mwenye gari avipeleke kwa mtaalamu wa vifaa hivyo, au atafute kingine chenye namba ileile. Mwisho hulijaribu gari katika uwanja mtupu, hukanyaga breki kwa nguvu, na pedali ikitetemeka chini ya mguu hujua kwamba ABS inafanya kazi.

Sasa nitasema kwa nini jambo hili lanichoma. Mwezi wa Aprili 2024 tulipokuwa tukirudi kutoka mdahalo katika shule nyingine, gari tulilokodi liliteleza katika mteremko wakati wa mvua, likaingia mtaroni. Mwenzetu mmoja wa Kidato cha Nne alivunjika mkono wa kuandikia, akaukosa mtihani wa majaribio. Gari lilipokaguliwa, ilionekana kwamba waya wa taa ya ABS ulikuwa umeunganishwa na taa ya oili, ili ziwake pamoja na kuzimika pamoja. Fundi mmoja alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa ustadi, tena alikuwa amelipwa. Siwezi kuapa kwamba ABS nzima ingalituokoa. Lakini dereva, aliyelinunua gari hilo likiwa hivyo, alidhani anazo breki ambazo hakuwa nazo. Angalijua, angaliteremka polepole.

Wako wasemao, “Babu zetu waliendesha magari yasiyo na ABS, wakafika.” Ni kweli, na ni kweli pia kwamba ABS ikifa breki za kawaida hubaki. Hata katika changarawe ABS huweza kulichelewesha gari kusimama. Lakini babu zetu walijua gari walilonalo, wakaliendesha kwa kadiri yake. Tena katika magari mengi kompyuta hiyohiyo ndiyo igawayo nguvu ya breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ikifa, ya nyuma yaweza kukaza kwanza na gari likageuka mkia mbele.

Wengine husema kwamba kisanduku kipya ni ghali. Nakubali. Ndiyo maana nasifu kazi ya lehemu. Na mtu asiyeweza kuilipia leo, basi aiache taa iwake, aendeshe kwa hadhari mpaka apate. Taa inayowaka haimdanganyi mtu.

Wazazi wetu, liko jambo ambalo kila mmoja wenu aweza kulifanya bila kuwa fundi. Funguo ikizungushwa kabla injini haijawashwa, taa ya ABS sharti iwake, kisha izimike yenyewe baada ya sekunde chache, au mara gari likianza kwenda. Isipowaka kabisa, yamkini balbu imekufa au mtu ameinyamazisha, muulizeni dereva. Ikizimika saa ileile na taa ya oili au ya betri, ulizeni vilevile.

Kwenu walimu wetu nina maombi mawili. La kwanza, kila gari litakalotuchukua lifanyiwe jaribio hilo mbele ya mwalimu wa zamu na kiranja mmoja kabla hatujapanda. Halichukui hata dakika moja. La pili, Chama cha Fizikia kiruhusiwe kutufundisha kulehemu kwa redio mbovu na bodi za zamani. Tusianze na breki za watu; breki si kitu cha kujifunzia. Lakini mkono uliozoea kutafuta ufa katika redio ndio utakaokuwa mkono wa fundi mwaminifu kesho.

Nanyi wenzangu mnaotaka kuwa mafundi, kumbukeni kwamba mwenye gari haoni yaliyo ndani ya kisanduku. Anaona taa tu. Akikulipa ili izimike, amekuamini kwamba umeuondoa ugonjwa. Usipouweza, mwambie.

Mwanafunzi wa Kidato cha IV