Pompi moja haiwezi kubeba klori, dawa ya kupe na dawa ya viazi

Masisi na Walikale, pompi ya mgongoni ni chombo cha wote. Leo inapulizia ng'ombe dawa ya kupe kwenye malisho ya Masisi. Kesho jirani anaiazima kwa shamba la viazi mviringo, vile ambavyo wengi wanaviita birayi. Na kipindupindu kikiingia kijijini, pompi ya namna hiyohiyo, ya lita 15 au 16, inajazwa maji ya klori na kupelekwa kwenye kituo cha matibabu. Kwa macho ni kitu kidogo tu: tanki la plastiki, mkono wa kusukumia, mpira, na fimbo yenye kichwa cha kupulizia. Watu wanaiona kama ndoo yenye mikanda. Hatari inaanzia hapo.

Kuna dawa mbili zinazoweza kukaa pamoja bila neno. Kuna nyingine zikikutana zinapigana: zinatoa joto, au zinatoa gesi, au moja inaua nguvu ya mwenzake na mkulima anabaki anapulizia maji matupu. Fundi anayetengeneza chombo cha kupulizia dawa kama hizo haanzi kwa kuuliza tanki litabeba lita ngapi. Anaanza kwa kuuliza: dawa hizi mbili zikutane wapi, na zikutane saa ngapi? Hapa Kivu Kaskazini swali hilo halimfikii fundi wala shirika linalonunua. Linaachiwa mtu wa mwisho kabisa, mhijenisti aliyechoka au mama mkulima aliyeazima pompi bila kujua jana ilibeba nini. Hiyo si haki, na inafaa ikome.

Klori haina urafiki

Familia zilizopita kambini zinaijua harufu ya klori. Mwaka 2023 Kongo iliandikisha watu zaidi ya 50,000 walioshukiwa kuwa na kipindupindu, na sehemu kubwa yao walikuwa Kivu Kaskazini, wengi katika kambi zilizozunguka Goma. Kabla ya hapo Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ilifika hadi Pinga, katika Walikale. Katika magonjwa yote mawili, klori ilikuwa silaha ya kwanza.

Lakini klori ni dawa moja yenye nguvu tofauti tofauti. Kwenye vituo vya kipindupindu, maji ya kunawa mikono yana klori ya asilimia 0.05. Ya sakafu na vitanda ni asilimia 0.2. Ya matapishi, kinyesi na miili ya marehemu ni asilimia 2, yaani nguvu mara 40 ya ile ya mikono. Ndiyo maana vituo vilivyopangwa vizuri vina mapipa na pompi tofauti kwa kila nguvu, kila kimoja na alama yake. Ukichanganya pompi tu, umemuunguza mtu ngozi au umeacha vijidudu vikiwa hai.

Zaidi ya hapo, klori haina urafiki. Ikikutana na asidi, kama ile inayouzwa kwa kusafishia vyoo, inatoa gesi ya klori. Ni gesi ileile iliyotumiwa kuua askari kwenye vita kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa chini, pale watoto walipo. Ikikutana na amonia, ambayo imo hata kwenye mkojo uliokaa chooni, inatoa mvuke mwingine unaochoma macho na kifua. Hata sabuni ya unga isiwekwe ndani ya tanki la klori. Na unga wenyewe wa klori, ule wa asilimia 65 hadi 70 unaoletwa kwenye ndoo, ukigusana na mafuta unaweza kuwaka moto.

Sasa tuchukue pompi iliyotoka shambani. Ndani ya mpira na kwenye kichujio kumebaki dawa ya wadudu, dawa ya kupe au dawa ya kuua magugu. Mtu anaweka klori juu yake, anaingia kwenye chumba kisicho na dirisha, anaanza kupulizia. Hakuna anayeweza kumwambia anavuta nini. Na pompi hiyohiyo ikirudi shambani ikiwa na mabaki ya dawa ya magugu, viazi ndivyo vitakavyoungua.

Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwezi wa Mei 2020 kwamba watu wasipuliziwe dawa hizi mwilini, kwa hali yoyote. Hata desturi ya kupita nyumba kwa nyumba na pompi wakati wa kipindupindu imeachwa na wataalamu wengi. Wanapendekeza familia ipewe ndoo, sabuni, klori na maelezo, isafishe nyumba yake yenyewe. Kwa hiyo kazi halali ya pompi ya klori ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Na chombo chenye kazi ndogo ni rahisi kukitenga.

Viazi vinahitaji dawa zinazokutana

Kuna upande wa pili. Wakati mwingine dawa mbili zinatakiwa kukutana, maana bila kukutana hakuna dawa. Mkulima wa Masisi anaujua ugonjwa wa mildiu: mvua ikizidi na ukungu ukilala milimani, majani ya viazi yanapata madoa meusi, na baada ya siku chache shamba zima linanuka. Familia nyingi zilizorudi Masisi baada ya kambi za pembeni ya Goma kuvunjwa mwezi wa Februari 2025 zilianza upya shambani. Kwa familia kama hiyo, mbegu iliyopotea kwa mildiu ni chakula cha miezi mingi, na mara nyingi ni deni.

Wengi wananunua unga wa mankozebu dukani. Lakini ipo dawa ya zamani ambayo chama cha wakulima kinaweza kuichanganya chenyewe: sulfati ya shaba na chokaa. Profesa Millardet wa Bordeaux, Ufaransa, aliitangaza mwaka 1885 kwa ajili ya mizabibu, na baadaye ikasaidia viazi kote duniani. Kipimo cha kawaida ni kilo 1 ya sulfati ya shaba na kilo 1 ya chokaa kwa lita 100 za maji. Kwa pompi ya lita 15, hiyo ni gramu 150 na gramu 150.

Siri yake ni namna ya kukutanisha. Njia inayofundishwa sana ni ya vyombo vitatu. Ndoo ya kwanza ya plastiki ina sulfati iliyoyeyushwa kwenye nusu ya maji. Ya pili ina chokaa kwenye nusu nyingine. Watu wawili wanamimina kwa pamoja, polepole, ndani ya chombo cha tatu, na mmoja anakoroga. Inatoka rangi ya buluu ya anga. Kisha wanatumbukiza msumari safi wa chuma kwa dakika chache. Ukitoka na rangi nyekundu ya shaba, chokaa haijatosha, na dawa hiyo itaunguza majani, inaongezwa chokaa. Ukibaki kama ulivyo, dawa iko tayari. Inachujwa kwa kitambaa ili isizibe kichwa cha pompi, na inatumika siku hiyohiyo. Kesho yake imeshatuama chini na nguvu imepungua. Inakinga kabla ya ugonjwa, haiponyi jani lililokwisha kuoza. Na isipuliziwe ovyo kila siku, maana shaba inabaki kwenye udongo.

Dawa hiyo nayo ina adui zake. Chokaa inavunja dawa nyingi za wadudu, kama malathioni. Mkulima anayezitia pamoja tankini ili apite shambani mara moja ametupa fedha yake.

Sulfati ya shaba pia inakula chuma. Kwa sababu hiyo fundi Victor Vermorel wa Villefranche-sur-Saône, aliyetengeneza pompi za mgongoni za kupulizia mizabibu miaka hiyo ya mwisho ya karne ya 19, alitumia tanki la shaba. Yeye alitazama dawa kwanza, ndipo akatengeneza chombo. Hapa chombo kinaletwa kwanza, halafu dawa yoyote inalazimishwa kuingia humo.

Viwanda vilikwisha kujibu

Kwenye viwanda swali la dawa mbili zinazopigana lilikwisha kupata jibu. Povu gumu linalowekwa ndani ya kuta za friji na chini ya mapaa linatokana na vimiminika viwili ambavyo vikikutana vinaumuka na kukauka kwa sekunde chache. Vikikutana tankini, mashine imekufa. Kwa hiyo kila kimoja kina pipa lake, pompi yake na mpira wake. Vinapimwa kwa uwiano, vinakutana kwenye bastola ya kupulizia tu, na kutoka hapo vinaruka nje. Anayefanya kazi hiyo anavaa barakoa yenye hewa safi, kwa sababu kimoja cha vimiminika hivyo kinaharibu mapafu.

Hakuna anayedai mashine kama hiyo iletwe Nyabiondo au Kashebere. Barabara haiwezi, umeme haupo, na bei yake ni ya mbali. Kinachofaa kuchukuliwa ni kanuni yake: vitu vinavyopigana vitenganishwe na chombo chenyewe, wala si kumbukumbu ya mtu. Mtu akisahau, chombo kimkatalie.

Kinachowezekana Masisi na Walikale

Jambo la kwanza ni rangi. Pompi za klori ziwe na tanki la rangi moja, za shamba rangi nyingine, za mifugo rangi ya tatu, na rangi hiyo iwe ya plastiki yenyewe wala si karatasi inayobanduka kwa mvua. Mashirika yanaagiza pompi kwa mamia. Kuandika rangi kwenye agizo hakuhitaji utafiti. Hata asiyejua kusoma anaijua nyekundu na kijani.

Jambo la pili ni mpira na kichwa. Kama kiungo cha pompi ya klori kina ukubwa ambao hauingii kwenye pompi ya shamba, basi hakuna atakayeazima kipande cha huku akakipeleka kule. Sasa hivi vipuri vyote vinaingiliana, na watu wanaona hilo ni jema kwa sababu vipuri ni haba. Lakini hapo ndipo mabaki yanapojificha.

Jambo la tatu ni vyombo vya kuchanganyia. Anayegawa pompi bila ndoo za kuchanganyia, kopo la kipimo lenye mstari, kitambaa cha kuchujia na glavu amegawa nusu ya chombo. Mafundi wa Sake na Goma wanaokata mapipa na bidoni wanaweza kutengeneza vyombo hivyo: ndoo mbili zenye bomba chini, zimewekwa juu ya meza ya mbao, zikimiminika pamoja kwenye pipa la tatu. Hapo hata mtu mmoja anaweza kuchanganya dawa ya shaba sawasawa bila kushika viwili kwa mikono.

Jambo la nne ni kuosha. Pompi ioshwe mara tatu kwa maji safi, na maji hayo yapite hadi kwenye fimbo na kichwa. Yasimwagwe mtoni, maana chini ya kila daraja kuna mama anayechota.

Wapo watakaosema kwamba vita havisubiri rangi za plastiki, na mkulima mwenye pompi moja hawezi kununua tatu. Ni kweli kwamba hawezi. Ndiyo maana mzigo huu si wake. Chama cha wakulima kinaweza kuweka pompi za shamba mahali pamoja na kuzikodisha kwa bei ndogo; zone ya afya ibaki na zake chini ya kufuli; wafugaji wawe na zao. Pompi kijijini hazitaongezeka sana, zitakuwa tu na mwenyewe anayejulikana. Na kuhusu dharura, dharura ndiyo saa ambayo watu wanachanganya vibaya zaidi, kwa haraka na usiku, kwa hiyo ndiyo saa chombo kinapopaswa kuwa na akili.

Familia iliyorudi shambani kwake na mbegu chache haiwezi kupoteza msimu mwingine kwa sababu ya mabaki ndani ya mpira. Mhijenisti wa Pinga hawezi kulipa kwa mapafu yake kwa sababu mnunuzi wa ofisini aliona pompi zote ni sawa. Agizo lijalo la pompi likiandikwa, liwe la shirika, la chama cha wakulima au la zone ya afya, mstari mmoja uongezwe: pompi hii ni ya dawa gani, na ni dawa gani isiyoruhusiwa kuingia humo. Wakuu wa vijiji, maagronomu na waganga wa mifugo wana haki ya kuuliza mstari huo uko wapi kabla ya kupokea mzigo.