Kumpokonya Mtu Kazi Yake ni Dhuluma



Katika kaya zetu za Mbwara, mzee anapoanza kuona kwa shida na kusahausahau, jembe huondolewa mikononi mwake, ukili huwekwa mbali naye, naye huketishwa barazani. "Apumzike," husemwa. Akitoka usiku akapotea njia, wapo wasiosita kumwita mchawi. Kijana mwenye uoni hafifu na ulemavu wa akili hutendewa vivyo hivyo, ila yeye hufichwa chumbani. Wengi huliita jambo hili huruma. Sisi twaliita dhuluma.

Mwaka 1981 Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi, Laborem Exercens, alifundisha kwamba mlemavu ni mtu kamili, mwenye haki ya kufanya kazi kadiri ya uwezo wake. Tanzania nayo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010. Ibara ya 26 ya Mkataba yadai huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wake, ziwe karibu iwezekanavyo na makazi ya watu, vijijini pia.

Mojawapo ya huduma hizo ni tiba kwa vitendo, ambayo wataalamu wake wamekuwa wakifundishwa KCMC, Moshi. Tiba hii haiahidi kuponya jicho wala kurudisha kumbukumbu. Huchunguza kazi ya mtu na mahali anapoifanyia, kisha huvilinganisha na uwezo uliobaki. Asiyeona vema hukariri mahali vilipo vyombo. Msahaulifu husaidiwa na alama za kuonekana. Mwenye shida zote mbili amebakiwa na mazoea na mikono yake. Basi kila chombo kikae mahali pamoja siku zote. Kamba ifungwe toka mlangoni hadi chooni. Kingo za ngazi zipakwe chokaa. Wali upakuliwe katika sahani ya rangi iliyokoza. Kazi igawanywe hatua kwa hatua, na agizo moja litolewe kwa wakati mmoja. Bibi aliyesuka mikeka tangu usichana, vidole vyake vyakumbuka: apewe ukili, akae penye mwanga, asuke.

Tutaambiwa fedha hazitoshi. Je, kamba na chokaa ni bei gani? Kinachokosekana ni mtu wa kutufundisha, naye amewekwa mbali nasi.

Nasi mapadre tujilaumu. Twawapelekea Komunyo na kuwaombea, bila kuwauliza walikuwa wakifanya kazi gani.

Kwa hiyo twaidai Halmashauri ilete mtaalamu vijijini kwa zamu, awafunze wahudumu wa afya wa jamii. Twazisihi familia zimpeleke mgonjwa apimwe macho kwanza, kwani mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Lakini kumrudishia mama ukili wake hakuhitaji kibali cha ofisi yoyote. Tuanze leo.